Mama, Lile Paja Hatukulikata

Johannesburg,
wiki ya baada ya Krismasi

Kwako Mama yangu mpenzi,

Mugonile, Mama. Miguu inasemaje na hiyo mvua ya Kawetele? Kuku bado wanalala jikoni au umewapatia banda lao? Na Baba je? Naomba ukweli wa Baba, siyo ule wa "anaendelea vizuri" unaonipa kwenye simu huku namsikia mwenyewe anavyohema nyuma yako.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Wewe ukipokea simu unaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia pamoja na jirani mmoja au wawili, na haya ya leo hayafai kufika masikioni kwa Baba kabla wewe hujayapima. Barua anayo Lusajo, yule fundi wa kuchomelea mageti, kijana wa kule Suma, anakuja likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Mwite Sekela akusomee mkiwa wawili, na mwambie akifika penye neno gumu asiruke, mjukuu wako huyo namjua. Lusajo alikuwepo siku yenyewe. Ukimbana atakuambia yaleyale, ila ataongeza chumvi.

Mimi mwili sijambo. Bado nipo jikoni pale nyumba ya wageni, na siyo kujisifu, Mama, lakini huku naitwa chefu. Mimi huyuhuyu niliyeiacha shule darasa la sita kwa miguu yangu, leo wageni wa Ulaya wanaingia jikoni kunipa mkono. Juzi juzi mzee mmoja Mjerumani alitoa machozi akila mchuzi wangu. Inawezekana ilikuwa pilipili. Lakini alilia.

Sasa turudi kwenye kile ulichonituma. Uliniambia, "Ambakisye, mlete mdogo wako. Baba yenu anamtaja Gwakisa asubuhi na jioni, hataki kwenda kabla hajamwona." Nilikusikia. Tatizo ni kwamba mimi na Gwakisa tupo mji mmoja lakini tunaishi kama watu wa nchi mbili. Anakuja kwangu, tunacheka, tunaangalia mpira, halafu nikitaja nyumbani tu, anaanza kutafuta viatu vyake. Nimemjaribu kwa upole, nimemjaribu kwa ukali, nimemjaribu hadi kwa mchungaji. Viatu.

Nikasema basi, nitamjaribu kwa nyama. Nani hajui Gwakisa na nguruwe?

Bibi mwenye nyumba ya wageni alinipa zawadi ya sikukuu, paja zima la nguruwe lililolazwa kwenye maji ya chumvi mpaka likaiva rangi. Huku Krismasi bila paja hilo ni kama Krismasi ya kwetu bila mvua, watu hawaiamini. Nikalichemsha kwanza polepole na kitunguu na yale majani makavu ya kunukisha wanayoyaita bay. Nikalivua ngozi, yakabaki mafuta meupe. Nikayachora kwa kisu mistari ya kukatana, vipande vipande kama ukili wa mkeka, na kila mistari ilipokutana nikachomeka karafuu. Kisha nikachukua sukari ya kahawia, asali, haradali na maji ya machungwa, nikachemsha mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, nikalipaka paja, nikalitia ovenini. Nalitoa, nalipaka tena, nalirudisha. Najua Sekela akifika hapa utasema, "Sukari kwenye nguruwe? Sukari si ya chai?" Hata mimi nilisema hivyo mwanzoni. Lakini Mama, ungeliona! Lilikuwa linang'aa kama gari la mbunge siku ya kampeni. Jengo zima lilinukia, mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashuka kuulizia kama kuna harusi.

Tulikuwa wanne. Mimi, Lusajo, Gwakisa, na Mama Neema, mwanamke wa kwetu kule Matwebe anayesuka nywele mtaani kwetu. Yeye alipika ndizi. Ndizi za huku ni aibu, lakini alizibembeleza zikakubali.

Gwakisa aliingia na shati jipya, akanikumbatia kwa nguvu.

"Kaka, umenenepa! Unakula wageni?"

"Wageni ndio wanakonda ili mimi ninenepe."

Akavuta pua. "Kitimoto na asali? Wewe una wazimu. Nipe kisu."

Mama, alisema mwenyewe, nipe kisu. Ningempa, leo tungekuwa na habari nyingine. Lakini mimi nikajifanya mzee wa ukoo. Nikasimama na kile kisu nikasema, "Jamani, tusile kama watu waliookotwa. Kwetu nyama ya kuliwa na ndugu haiguswi na mtu mwenye neno moyoni. Kila mwenye neno alitoe, apige funda la maji alipulize chini neno liishe, ndipo tukate." Vilevile kama Baba anavyofanya kila akichinja. Nilijua Gwakisa ana neno. Nilidhani ni dogo, la kulitema na kulifuta kwa mguu, halafu nimshike akiwa ameshiba na moyo mweupe nimwambie, twende kwa Baba.

Lusajo akaanza. "Mimi ninalo. Ambakisye aliazima viatu vyangu vya kanisani, akavirudisha vimepanuka kama mitumbwi." Tukacheka, akachukua glasi, akapuliza maji sakafuni, kwisha.

Mama Neema akasema, "Na mimi ninalo, na Lusajo huyuhuyu. Kila akija saluni ananiamkia shikamoo mbele ya wateja. Tumepishana kidogo tu, mshenzi huyu, ananizeesha bure!" Akapuliza, tena kumwelekea Lusajo. Tukacheka mpaka meza ikatikisika.

Gwakisa naye alicheka. Akapokea glasi. Akawa analiangalia lile paja.

"Kaka, unaijua sahani ya bluu?"

"Sahani ipi?"

"Ehe, wewe hukuwepo." Akaiweka glasi chini. "Niliporudi nyumbani nakohoa, Baba alinitengea sahani. Ya bati, ya bluu, imebanduka pembeni. Na kikombe chake. Nikahamishiwa kwenye kibanda cha ndizi. Krismasi ile walichinja, nikawa nawasikia mnavyocheka ndani, we hukuwepo lakini nawasema wote. Baba mwenyewe aliniletea nyama. Akaiweka chini, akasimama mbali, akaisogeza kwangu kwa fimbo."

Mama, sikuwa najua habari ya fimbo.

Mama Neema akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa anaogopa, baba wa watu. Wengi walikuwa wanaogopa."

"Hata mimi nilikuwa naogopa," Gwakisa akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakohoa. Nani aliogopa kunishinda? Daktari akasema ni kifua kikuu, nikameza dawa, nikapona, na bado sahani yangu haikurudi kabatini na za wengine. Na tuseme ingekuwa ule ugonjwa mwingine aliokuwa anauwaza. Ningekuwa si mwanae?"

Hakupaza sauti hata kidogo. Angepaza ningejua la kufanya, kelele nimezizoea.

Nikamwambia, "Umelisema, mdogo wangu. Limetoka. Sasa puliza liishe. Mzee yuko kitandani, anakutaja wewe tu." Nikamrudishia glasi mkononi. Akapiga funda moja kubwa, mashavu yakajaa. Akakaa hivyo na maji mdomoni, anatuangalia mmoja mmoja, na mimi moyoni nasema, Bwana, ayateme, ayateme tu hata usoni kwangu.

Akayameza.

Nililiona koo lake likishuka na kupanda. Akaiweka glasi taratibu kama ya kuazima, akasema, "Krismasi njema," akachukua koti lake, akatoka.

Tulibaki watatu na lile paja katikati. Lusajo unamjua kwa sifa, ni mtu anayeulizia sahani msibani kabla jeneza halijafika. Hakugusa. Alisema tu, "Kaka, hii nyama sasa ina neno ndani." Mama Neema akafunika ndizi zake na kanga. Nje kulikuwa na jua kali, huku Krismasi ni kiangazi, watoto wanarushiana maji barabarani. Ile sukari niliyoipaka kwa upendo ikapoa, ikakauka juu ya nyama ikawa kama kioo.

Kesho yake nikalifunga kwenye kitambaa safi nikalipeleka kwake, nikiwaza labda peke yetu atalainika. Hakufungua mlango. Tukaongea hivyo, mimi nimekaa kwenye korido na paja mapajani kama mtoto wa kupeleka kliniki.

"Gwakisa, nimekuletea."

"Umekula wewe?"

"Sijala."

"Kale, kaka. Usijiadhibu."

"Sili bila wewe. Baba anaisha, Gwakisa. Akiisha utatafuta wa kumkasirikia utamkosa."

Nikasikia amekaa chini, upande wa pili wa mlango uleule, mgongo wake ukagonga mbao. Kisha akasema, "Mama alikuwa anasubiri Baba aende kwenye shamba la chai. Akishapita kona tu, huyo anakuja kibandani, anakaa na mimi kwenye gunia, anachota kwenye ile sahani ya bluu. Namwambia Mama acha, ananiambia tafuna. Mwambie Mama nakula vizuri. Mwambie kifua changu kizima."

Haya, nimekuambia. Hukuwahi kunisimulia hata siku moja. Ndaga fijo, Mama. Sijui nikushukuruje jambo kama hilo kwa karatasi.

Nikamuuliza, "Na Baba nimwambie nini?"

Nikamsikia anasimama, anatembea, anawasha redio.

Lile paja niliwapa walinzi wa jengo, watu wa mataifa mengine wasio na neno lolote na sisi. Walilisifia sana. Mmoja aliniuliza nilitia nini, nikamwambia sukari tu basi, mimi ambaye huwa hata sijaulizwa naeleza.

Unajua mimi, Mama, habari mbaya huwa nazipiga pasi kabla sijakutumia. Safari hii nimetafuta pasi sikuiona. Simlaumu Baba, aliogopa, na sasa ni mgonjwa, kumlaumu mgonjwa siwezi. Gwakisa naye simlaumu. Ningepata wa kumlaumu kati yao ningelala. Nakuja peke yangu, nimeshaomba ruhusa. Msinichinjie kitu. Nitakaa na Baba, nitamgeuza, nitamwogesha, nitamsimulia ya Mjerumani. Najua kila mlango ukilia atanyanyua shingo kuangalia nyuma yangu, na nyuma yangu hakutakuwa na mtu.

Nisalimie shangazi anayeuza maziwa, na mjomba mwenye redio kubwa, mwambie ile ya huku ni kubwa zaidi. Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie mkwewe hajafukuzwa kazi kama alivyoota. Mwalimu wa kwaya asalimiwe. Sekela, wewe uliyesoma mpaka hapa bila kuruka, ubarikiwe, na usilie mbele ya bibi yako.

Na Baba msalimie. Mwambie ni salamu za Ambakisye. Kama atabaki anakuangalia mdomoni akingoja uongeze jina la pili, Mama yangu, usiongeze. Mshike mkono tu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Ambakisye