Ukungu wa Bondeni

Usoke, Jumapili

Kaka Tobia,

Shikamoo. Wifi anaendeleaje, na mapacha wameota meno? Sisi wazima, ila usingizi umenihama. Rustika ananyonya mpaka alfajiri, kisha kazi inanisubiri. Kwenye simu ningelia, ndiyo maana naandika.

Ni juu ya chumba cha watoto ulichotujengea sisi akina mama tunaofanya kazi kwenye bohari ya gesi. Ulikataa kujenga kilimani kwa sababu ya makaburi ya wapagazi wa misafara, ukasema watoto hawalazwi juu ya vichwa vya wafu. Wote tulikusifu. Ukashuka bondeni, kwenye njia yao ya zamani, mahali pasipo na upepo.

Kaka, upepo kweli hakuna. Tangu masika yaishe, asubuhi ukungu mweupe hutoka upande wa matangi. Haupandi. Hutambaa chini ya magoti, ukifuata njia ileile, polepole, kama watu waliochoka na mizigo, mpaka mlangoni petu. Kuku wa Eustadia, mpishi wetu, walikutwa wamelala kwa mstari, wala hawakuamka. Eustadia akasema ni msafara unapita, tuupishe. Nikamuuliza msafara gani unanuka kama mtungi unaovuja. Akanicheka, eti mama mwenye mtoto mchanga huota akiwa macho. Nikaenda kwa Bwana Raymundi, msimamizi. Yeye akasema nani huenda sokoni akalalamika samaki wananuka.

Juzi ukungu uliingia ndani. Ulikuwa umefika kwenye mikeka, watoto wamelala kimya mno. Chumba cha pili Eustadia ameshika kiberiti, anataka kuwasha jiko la uji. Nilimpokonya bila hata kupiga kelele. Tukawabeba watoto hadi juu, makaburini, kwenye upepo. Nikawanyunyizia unga wale wapagazi, wenye mahali pale, nikaomba watupokee. Watoto wakakohoa, wakaamka, wakadai uji.

Sasa nikwambie nililofanya. Jana mimi na akina mama wenzangu tuliezua mabati yote ya kile chumba, asilazwe tena mtoto mle. Bwana Raymundi kaapa atakuita uje uezeke upya.

Usije, kaka. Ulijenga kwa moyo mwema, wafu uliwastahi. Gesi ndiyo hukuiuliza inakokwenda. Nakuheshimu kama baba. Lakini ukija na ngazi, utanikuta nimekaa juu ya ukuta, Rustika mgongoni.

Wifi mpe mkono wangu, mapacha wabusu.

Mdogo wako akupendaye,
Stela