Mitungi ya Kioo na Pua ya Babu

4 Februari

Kwako Shangazi,

Kabla ya salamu naomba niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Mimi sisikii harufu. Sisikii hata kidogo, na sikumbuki kama niliwahi kusikia.

Sasa shikamoo. Natumaini u mzima na magoti yamepoa. Sisi huku hatujambo. Babu anakula vizuri na tumbo lake limetulia tangu alipotoka hospitali.

Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wanaposema kitu kinanukia ni adabu tu, kama vile kumkaribisha mgeni wakati sufuria limeshaoshwa. Nikajifunza kutazama nyuso. Darasani wenzangu wakiziba pua, nami naziba. Mama akiinamia mkate wake akafumba macho, nasema, "Mama, leo unanukia." Hakuna aliyegundua.

Haikuwa shida mpaka Mama alipokwenda chuoni kusomea uuguzi. Aliniachia ufunguo wa stoo, akasema ananiamini kwa sababu nasoma hata maandishi madogo kwenye pakiti yasiyonihusu. Baba, kama ujuavyo, yuko barabarani na lori lake. Basi nyumbani ni mimi na Babu, na daktari alisema tumbo la Babu halitavumilia chakula kilichoharibika hata mara moja. Mama alitaka kuahirisha masomo kwa ajili hiyo. Mimi ndiye niliyemwambia aende, nitaweza.

Wiki iliyopita fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja kuazima chumvi. Kwenye meza palikuwa na kibakuli cha karanga nilizomwekea Babu akiamka. Fundi akageuza uso, akaniambia karanga zile hata panya angezikataa kwa heshima. Mimi nilikuwa naziona karanga tu.

Stoo yetu unaijua: unga kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba, maharage kwenye ndoo iliyofunikwa sahani, na fukusi wanatembea kama wenye nyumba. Nimesoma kwamba chakula hukaa salama kwenye vyombo visivyopitisha hewa. Nilikwenda dukani nikakuta vya plastiki, vya bati na vya kioo, na vyote vimeandikwa maneno yale yale kwenye mfuniko. Wewe ni mtunza stoo wa shule nzima. Nichague vipi?

Sikupigi simu kwa sababu simu ni ya Babu, anaiweka sauti kubwa, na ukisema jambo jirani ndiye anayeitikia. Barua hii nampa dereva wa gari la mikate. Tafadhali usimwambie mtu.

Mtoto wa kaka yako,
Maktaba (Babu bado ananiita hivyo)


9 Februari

Mwanangu Maktaba,

Marahaba. Magoti yapo, siku hizi yananiambia habari za mvua kabla ya redio. Msalimie Babu, mwambie asile usiku kisha akalala palepale.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la sukari, halafu nikasimama nikaisoma tena. Pole sana. Si kwa kukosa harufu, bali kwa kuubeba mzigo huo peke yako miaka yote hiyo, na sisi watu wazima tumekaa tunakusifu kwamba una adabu. Wewe si kioja. Jikoni kwetu tuna mpishi asiyetofautisha nyekundu na kijani, na nyanya zake hazijaua mtu.

Sasa nisikilize. Asiye na pua na awe na macho. Nunua vyombo vinavyoonyesha ndani. Bati ni imara lakini linaficha, na wewe huna namna ya kuliuliza lililo ndani. Kioo ni bora kuliko plastiki, kwa sababu plastiki ikishachubuka inakuwa na ukungu kama macho ya mzee. Mfuniko uwe na ukanda wa mpira kuzunguka, na vishikizo vinavyobana mpaka vidole vione kazi. Maandishi ya mfuniko yaache yalivyo, karatasi haikatai kalamu. Tia karatasi kavu ndani, funga, zamisha chombo chote kwenye beseni la maji. Karatasi ikitoka kavu, lipa.

Mtungi mkubwa uwe wa unga. Karanga zipe mitungi midogo, maana kila ukifungua unaikaribisha hewa upya. Bandika tarehe. Na kitu chenye fukusi usikifungie humo kabla ya kukianika juani na kukichekecha. Chombo cha namna hiyo hakichagui, kinamtunza hata mwizi.

Hayo ndiyo uliyoniuliza. Lipo moja hukuniuliza. Jikoni kwenu mnapikia gesi. Ya stoo nitakusaidia kwa barua, lakini gesi ikivuja haingoji barua. Mwambie Babu. Amefanya kazi ya kuonja na kunusa chai kiwandani mpaka alipostaafu, na mtaa mzima unampelekea maziwa ayanuse kabla ya kuyachemsha. Atakuwa pua yako. Siri yako sitaitoa mimi, nakuachia uitoe mwenyewe. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio hicho sikitaki.

Shangazi yako


18 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Babu anakusalimu na anasema alikuwa anakula usiku kabla wewe hujazaliwa.

Nimenunua. Nilikwenda dukani na karatasi za daftari mfukoni, nikasimama mlangoni mpaka wateja wote walipoondoka, kisha nikamwomba mwenye duka beseni la maji. Akaniuliza kama nimekuja kununua vyombo au kuvibatiza. Nikamweleza. Akacheka, lakini maji akaleta. Tulianza na vya plastiki vyenye mfuniko wa bluu, vile vya bei ya juu, karatasi ikatoka inachuruzika. Akasema pengine nilifunga vibaya, akafunga mwenyewe, akapata majibu yale yale. Kufikia mtungi wa tano alikuwa amekunja mikono ya shati, na kila karatasi ikitoka kavu anaipeperusha kama mtoto aliyefaulu. Nimechukua mitungi ya kioo yenye mfuniko wa kioo, ukanda wa mpira na kishikizo cha waya, mmoja mkubwa na minne midogo. Aliniambia nikikosa kazi nirudi kwake.

Unga wa zamani niliuanika juani mchana kutwa, nikauchekecha, nikaumimina kwenye mtungi mkubwa na kubana kishikizo. Niliona fahari. Nilivuta kiti nikakaa kuutazama.

Lakini jana niliona kioo kimeloa kwa ndani, matone madogo juu karibu na mfuniko, na unga wa pembeni umeshikana mabonge. Nadhani niliufunga ukiwa bado una joto la jua, ukatoa jasho humo ndani. Sikujua la kufanya, nikampelekea Babu. Alivua miwani, akafumba macho, akanusa polepole kama ilivyo desturi yake. Kisha akanitazama usoni, akasema, "Safi kabisa. Pika."

Sijapika. Nilisema sina hamu ya ugali, tukala viazi. Naomba uniambie: niamini pua ya Babu au macho yangu?

Lile jambo lingine sijamwambia. Nilifungua mdomo mara kadhaa, nikaishia kuuliza kama anataka chai.

Mtoto wa kaka yako,
Maktaba


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zote nyingine ziwe zimefika. Naandika dereva amewasha gari.

Mwaga unga wote. Macho yako yameona sawa. Kitu kikianikwa kiachwe kwanza kipoe kabisa ndiyo kifungwe, hilo nilipaswa kukuambia, kosa ni langu. Osha mtungi, ukauke na ukanda wake.

Ila kinachonisumbua si unga. Babu alisema safi? Baba yangu mimi, aliyekuwa akisikia sigara ya baba yako ikiwa nje ya uzio? Unga ulioloa na kufungiwa siku kadhaa unanuka, mwanangu. Hata mimi na mafua yangu ningejua. Mwambie leo. Usimuulize habari za chai.

Shangazi yako


2 Machi

Mwanangu,

Gari la mikate limekuja mara tatu bila neno lako. Dereva anasema hakuna aliyemfuata. Nimepiga simu ya Babu, haipatikani. Niandikie hata mstari mmoja. Keshokutwa nisipopata neno, naomba ruhusa na ninakuja, magoti yapende yasipende.

Shangazi yako


3 Machi

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe sana kwa kuchelewa; kila nilipoanza barua nilishindwa kuimaliza. Tuko hai, tuko wazima, Babu yuko hapa ubavuni na anaijua barua hii. Simu yake iliangukia kwenye ndoo ya maji, na utaona ilikuwaje.

Siku ile nilipopata barua yako nilimkuta Babu amekaa jikoni anachambua maharage. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nikijifanya napanga mitungi kwenye rafu. Nilisema kwamba sisikii harufu, tangu utotoni, na kwamba naomba awe pua yangu kwa ajili ya gesi.

Niligeuka. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya shati, na miwani yenyewe ilikuwa safi.

"Maktaba," akasema, "ule unga ulikuwa unanuka?"

"Sijui, Babu. Ndiyo maana nilikuletea wewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja uso wako uniambie."

Shangazi, Babu naye hasikii. Ilimpata ile homa ya mafua ya mwaka aliofariki Bibi, na pua haikurudi tena. Alistaafu mapema akasema ni miguu, kwa sababu mwonja chai asiye na pua ni kama mpiga ngoma asiye na mikono, na aliona aibu. Nikamuuliza, na maziwa ya mtaa mzima je? Akasema hiyo ilikuwa rahisi. Hakuna mtu anayeamka akaleta maziwa mazuri yanuswe. Anayeleta ameshashuku, na uso wake unasema. Kwa hiyo yeye hufumba macho, hunusa polepole, humtazama mwenye maziwa, na akimwona amekunja uso anasema mwaga. "Lakini wewe," akaniambia, "uso wako haukuwa na kitu. Nikajua ni safi."

Nilianza mimi kucheka, kisha yeye. Akasema basi pua za nyumba hii ni za kuwekea miwani tu. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Halafu wote wawili tukageuka kulitazama jiko.

Babu alifunga mtungi wa gesi. Mimi nilifungua madirisha na mlango, nikakimbia kumwita fundi cherehani, yeye akamwita fundi wa gesi. Fundi wa gesi alifika mlangoni akasimama, hakuingia. Akauliza tangu lini. Tukamwambia hatujui. Alipoingia alipaka povu la sabuni kwenye bomba karibu na jiko, akafungua gesi kidogo, na povu likaanza kuvimba na kupasuka, kuvimba na kupasuka. Hilo niliweza kuliona. Bomba la mpira lilikuwa limechanika. Babu alikuwa ameshika simu akitaka kumpigia Mama, ikamponyoka ikaingia ndooni. Mimi nikakaa chini sakafuni, na Babu akashuka polepole akakaa karibu yangu, yeye ambaye huwa tunamwinua tukiwa wawili. Alinishika mkono tu mpaka fundi alipomaliza.

Bomba ni jipya sasa, na mtungi wa gesi umetolewa nje ya ukuta. Fundi ametuachia brashi na sabuni, na kila Jumamosi tunapaka povu na kulitazama wote wawili, miwani kwenye pua.

Mama tulimpigia kwa simu ya fundi cherehani. Alilia, akasema anaacha chuo anarudi. Fundi cherehani akachukua simu, akamwambia atulie asome, yeye atapita asubuhi na jioni, pua anayo na haina kazi nyingine. Mama akasema sawa, atabaki. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, na ule mkate wangu uliokuwa ukisema unanukia? Nikamwambia nilikuwa nautazama uso wake, na uso wake haukuwahi kunidanganya. Hapo alilia tena, lakini kilio kingine.

Usije kwa hofu, Shangazi. Njoo likizo, magoti yakikuruhusu. Babu anasema ana maneno na wewe kuhusu kula usiku.

Leo asubuhi, kabla ya kukuandikia, niliutoa mtungi mkubwa ulipokuwa umekauka pamoja na ukanda wake. Fundi cherehani alinusa unga mpya akasema ni mzuri. Niliumimina ukiwa baridi. Babu alishika mfuniko usiteleze, mimi nikabana waya. Nikaandika tarehe kwa herufi kubwa ili naye aisome, nikauweka kwenye rafu ya katikati, usawa wa macho yake. Kisha nikapaka povu kwenye bomba, nikangoja, halikuvimba. Nikawasha jiko, nikachemsha chai, tukanywa.

Mtoto wa kaka yako,
Maktaba