Vibao Nilivyopigilia Kuanzia Juu

Mjimwema, Songea
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mama, kile kikohozi kimemwacha? Najua sasa korosho ziko juani na huna nafasi ya kukaa, lakini barua hii naomba uisome umekaa. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Ningepiga simu, ila unanijua: ungeuliza "kuna nini?", ningesema "hamna kitu", halafu ningelia.

Unaukumbuka ukuta wa nyumba ya Bibi Restituta, ule wa upande mvua zinakotokea? Siku uliponileta kupanga chumba kwake uliupapasa, ukausifu. Ndani tofali mbichi, nje vibao vidogo vya mninga vilivyopandiana kama magamba ya samaki. Marehemu mume wake ndiye aliyevipasua. Mwaka huu mchwa wamevila, vingine vikawa vinadondoka vyenyewe. Bibi akasema atafute fundi. Mimi, ambaye darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono, nikasema, "Bibi, acha, nitafanya mimi. Baba ni seremala, amenifundisha." Sijui mdomo ule niliutoa wapi.

Vibao vipya vikapatikana. Ngazi tuliazima kwa jirani, naye aliitaka kabla ya adhuhuri. Basi nikaona nianzie juu, nimalize panapohitaji ngazi, chini nitafika nimesimama. Tekla, ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa ananipa misumari. "Fundi Somoe," akanicheka, "wewe wakija kukuposa waambie mahari ni nyundo!" Nilijiona mkubwa, baba. Hata Bibi alinipigia makofi.

Lakini ukianzia juu, kila mstari unaofuata unalalia ule uliopita. Kingo zote zinatazama mawingu, zinapokea maji. Mvua ya kwanza tu iliingia yote nyuma ya vibao. Tofali zikalainika, na Jumapili iliyopita Bibi aliporudi kanisani akakuta lipu ya chumbani imeanguka juu ya kitanda chake.

Kesho yake akaitwa fundi kutoka Lizaboni. Alitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, huyu alining'inia kichwa chini? Nani kakupigilia hivi?"

Bibi akanigeukia. Hapo ndipo, baba. Nilisema, "Ndivyo baba alivyonifundisha."

Bibi akatikisa kichwa. "Nami nilitaka aje anitengenezee nyumba nzima akimaliza korosho. Basi, abaki na mikorosho yake."

Nikanyamaza. Siku sita. Nilikuwa nakumbuka tulivyoezeka jiko letu. Nilikushikia nyasi, ukaanza chini kabisa ya paa, ukapanda mstari kwa mstari. Nilikuona kwa macho yangu. Shuleni tukikosea tunasema sori kwa Kiingereza, imekwisha. Kwa Kiswahili inabidi utaje ulichofanya.

Leo nimemtajia, akiwa anachambua mboga.

"Kwa hiyo baba yako si mjinga?"

"Siyo, Bibi."

"Basi mjinga ninaye hapa hapa. Jumamosi utavibandua vyote, kimoja kimoja. Na yule fundi akisimama kukucheka, usikimbie ndani."

Akachambua tena, kisha akasema, "Mwandikie baba yako aje. Lakini umwambie kwanza ulivyomsema. Asije akasalimiana na watu wanaojua jambo lake ambalo yeye mwenyewe halijui."

Ndiyo nimekuandikia. Ukikataa kuja nitaelewa. Ukija nitakupokea stendi, twende wote mpaka kwa Bibi. Naomba kitu kimoja tu: usinitetee.

Msalimie mama, na bibi mzaa mama, mwambie swala sijaacha. Mjomba anayekusaidia shambani naye umpe salamu zangu. Mdogo wangu Shabani msalimie, lakini habari ya vibao usimsomee. Mimi ndiye ninayemfokea akidanganya.

Mwanao aliyekusingizia,
Somoe