Gari yako inarudi nyuma, Ushindi

Mutoto wangu Ushindi,

Sikuulizi kama uko muzima. Batu benye balipita Mwenga banasema uko muzima, unakula, unacheka. Ni vizuri, juu mugonjwa hatumugombezake, na mimi leo niko na maneno. Dada yako Faida ndiye anaandika. Nimemukataza asilainishe hata moja. Kisha hii barua ataipiga picha aiweke ku simu, kila mutu asome, juu nakujua: barua ya siri ungesema haikufika.

Uliondoka nikiwa ku soko ya Kadutu na beseni yangu ya samaki sambaza. Ni Maman Neema, jirani yetu, mwenye alikuja kuniambia, "Maman Ushindi, ile lori ya Mwenga, mutoto wako iko juu ya magunia, anaenda kuchimba zahabu." Nikafikiri anachekesha. Nikapanda kwetu Cimpunda mbio, nikakuta kitanda yako imetandikwa vizuri. Wewe mwenye hukutandikaka kitanda tangu Mungu akuumbe. Ndipo nikajua ni kweli.

Hata ukienda tu Nyantende kwa koko, bibi yako, kuleta mihogo, ulikuwa unapita kwanza mbele yangu nikuwekee alama ya musalaba ku kipaji cha uso. Safari hii ulienda na kipaji kitupu. Hiyo bado iko inaniunguza.

Lakini haiko hiyo yenye imeniamsha kuandika. Ni simu. Ulipiga mara moja, reseau inakatika-katika, nikakuuliza nifanye nini na ile gari yako ndogo ya ku meza, yenye ulitengeneza mwenyewe. Ukasema, "Tupa tu, Maman. Ile ni michezo ya batoto."

Michezo ya batoto. Nani alikuwa anakushikia zile waya, Ushindi? Nani aliacha ukate bidon yake muzima ya maji, ufanye mwili ya gari? Kambambili yangu ulikata magurudumu ine, nikaenda misa na viatu vya Faida vyenye vilikuwa vinanibana. Moteri ulitoa mu mashine ya kuchapisha yenye ilikufa. Ukanifundisha kama vile mimi ni mwanafunzi wako: "Maman, hii kasanduku inaitwa variateri. Batri inaipa nguvu, yeye anagawia moteri, kidogo ao mingi, vile telekomande ya mukononi inasema." Mimi mwenye niliacha masomo mbele ya kujua kugawanya, nikaelewa. Nikasema ni sawa na mama mwenye iko na chungu moja na batoto saba. Ukacheka mupaka ukaacha chuma cha moto cha kuchomelea waya kikaunguza meza. Alama iko pale. Ninaipanguza kila asubuhi.

Na ile siku ya moshi, umesahau? Waya zetu zote zilikuwa nyeusi, juu ulizitoa ku radio ya marehemu baba yako. Mu video banasema nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Sisi nyekundu tungeitoa wapi? Ukaunganisha batri kwa kubahatisha, variateri ya kwanza ikatoa moshi, nyumba ikanuka sawa nywele zimeungua. Ukalia, kijana muzima mwenye ndevu. Ndipo nikachukua ile waya yenye sasa tulijua ni plus, upande ya kujumlisha, nikaifunga fundo, vile ninafungaka makuta ya soko ku ncha ya kikwembe ya kiunoni.

"Yenye fundo ni plus. Hutakosa tena."

"Maman, ba injenieri habafungake fundo."

"Ba injenieri bako na waya nyekundu. Funga."

Jana nilichukua gari yako niende kuitupa kweli ku mutaro. Hasira ilikuwa imenifika hapa ku shingo. Nikaishika chini-juu, na nikaona fundo. Ku variateri ya pili, yenye ulitumikia miezi kwa mutengenezaji mumoja wa simu ili uipate. Sikuifunga mimi. Ulifunga wewe mwenyewe, mbele ya kwenda, na ukaikaza muzuri.

Basi nikarudi, nikakaa chini. Nikaunganisha fundo na plus ya batri. Faida alikuwa tayari na ndoo ya muchanga. Hakuna moshi. Zile waya mbili za moteri nikazisokota na vidole, juu kuchomelea siwezi, nikazifunga na kipande cha mufuko. Faida akasukuma telekomande mbele. Gari ikarudi nyuma mbio, ikagonga beseni yangu ya sambaza. Faida akaanguka na kicheko. Na mimi nilicheka, kisha hasira ikarudi, zaidi, juu wewe haukuwa pale.

Ninajua dawa yake. Ulinifundisha: moteri ikizunguka vibaya, haijaharibika, geuza tu waya zake mbili. Ni upande ya batri yenye haisamehe. Pale ukikosa, inaungua, imekwisha.

Ile safari yako bila kuaga, mimi nimeiweka upande ya moteri. Unasikia? Bado ni kitu ya kugeuza. Lakini kila siku ile simu inaita bila mutu kujibu, kila siku banasema shimo fulani imeanguka na mimi nangoja kusikia majina, unanisukuma upande ya batri. Usinifikishe kule. Niko mama yako, na mama pia anaunguaka.

Zile waya mbili sitazigeuza. Na Faida nimemukataza. Gari itarudi nyuma mupaka wewe mwenyewe ukuje uigeuze, hapa ku meza, na mimi nikushikie.

Alama ya musalaba nimeifanya juu ya hii karatasi. Weka kipaji pale ukimaliza kusoma.

Mimi mama yako, mwenye hasira haijamuishia