Kayaba ya Kidato cha Nne

Jumatatu, 12 Juni 1995

Zamu yangu ya gwaride. Baridi kali. Baadhi ya wasichana hawana sweta, nimejifanya sioni. Madam Nekesa, mwalimu mkuu, anataka nihutubu siku ya sherehe ya shule: historia ya shule, kwa ufupi, nisiwachoshe wageni. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilisoma hapa.

Mchana nimeuzunguka ua wa kayaba, ule uzio wa miti ya miiba unaoizunguka shule, ili nikumbuke. Historia yote imo pale. Kila darasa la kidato cha nne, kabla ya kuondoka, hupanda kipande chake cha ua, kila msichana na mche aliouotesha mwenyewe mkebeni. Walianza mabinti wa wafanyakazi wa reli, enzi za madarasa ya mabati, mbuzi wa mtaa jirani wa Jericho wakiingia hadi ubaoni. Kipande chetu kiko nyuma ya choo. Miiba kama sindano za magunia. Najivunia, sifichi.

Alhamisi, 15 Juni

Mfadhili amepatikana. Mheshimiwa fulani. Atatujengea ukuta wa mawe, bure. Ila kayaba ing'olewe kwanza, mafundi wapate nafasi. Walimu wamepiga makofi. Nimeuliza kama ukuta hauwezi kujengwa na kayaba ibaki. Madam Nekesa akacheka. "Mwalimu Rasoa, wewe na miiba yako! Shule za maana ziko na ukuta."

Wote wakacheka. Labda nazeeka tu.

Jumamosi, 17 Juni

Tumeing'oa. Wazazi wamekuja na mapanga na majembe, akina mama wakiimba nyimbo za kanisa kwa Kiluhya. Harambee hasa. Kipande chetu nimekikata mwenyewe, sikutaka mtu mwingine akiguse. Mikono imechanika. Tumechoma kila kitu, tukanywa chai. Madam akaomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mfadhili.

Uwanja umekaa uchi. Mbuzi wamerudi jioni hii hii.

Jumatano, 28 Juni

Mafundi wamefika. Wamechimba msingi katikati ya uwanja wa mpira wa magongo. Nilidhani wamekosea. Madam akawakimbilia na viatu vyake vya kisigino. Msimamizi wao akamuuliza kwa adabu kabisa: "Mpaka wenu uko wapi, Madam? Nionyeshe tu."

Akanyoosha mkono. Kisha akaonyesha mahali pengine. Trekta ya mfadhili ilishasawazisha udongo wiki iliyopita, na kwa hilo pia tulimshukuru. Mawe ya mpaka hatukuwahi kuweka. Nani angeyahitaji? Kayaba ndiyo ilikuwa mpaka. Tumeing'oa kwa mikono yetu, tukiimba.

Nina hasira. Mjinga mimi. Wajinga sote.

Ijumaa, 7 Julai

Ofisi za jiji tena, mimi na Madam, kutafuta ramani ya kiwanja cha shule. Njooni Jumatatu. Jumatatu watasema Alhamisi. Karani mmoja angalau alisema ukweli wake: "Si nyinyi wenyewe mlitoa ua? Sasa mnalia nini?"

Madam amelia kwenye ngazi, watu wakipita. Wiki nzima nimemchukia. Leo nimemshika mkono mpaka kituoni.

Sherehe imeahirishwa. Haitafanyika, najua.

Jumatatu, 24 Julai

Ukuta umekwisha. Umenyooka, mzuri. Tumebaki na madarasa, choo na ukanda wa vumbi. Leo kwenye gwaride mistari imefika hadi mlango wa jiko, na kidato cha kwanza wamesimama kwenye moshi. Upande wa pili watu wa mfadhili wanagawa viwanja vya kuuza. Sauti zao zinasikika darasani. Nimefundisha hivyo hivyo.

Baada ya masomo, Achieng', kiranja wa kidato cha nne, amenijia na wenzake. Kila mmoja na mkebe wake. Walipanda mbegu muhula wa kwanza, kama kila darasa kabla yao. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia waache.

"Mwalimu, sasa sisi tutapanda wapi?"

Nimewaambia waniachie mikebe.

Mikebe iko dirishani katika chumba cha walimu. Nimeimwagilia maji. Miche imefika urefu wa kidole, miiba bado laini.