Mguu wa Nta wa Mama

Jumatatu, 6 Machi 2023

Nyonga imeamka kabla yangu. Tena! Leo inatafuna, haichomi. Nimeshajua kuyatofautisha maumivu, kama mama anavyojua vitambaa kwa vidole.

Nimeandika kitandani, kwa simu, kwa kidole gumba kimoja. Kuhusu tabasamu ninalolivaa kutoka mlangoni hadi duka la mikate. Nimeweka kwenye ukurasa wangu, kwa jina langu la kubuni. Mchana wasomaji wamejaa! Gilvan fulani wa mji wa Feira de Santana anasema amemsomea binti yake, mwenye selimundu kama mimi, maumivu yakiwa yamepamba moto. Binti kasema: kumbe si mimi peke yangu. Nimelia. Nimelia vizuri!

Tabasamu lenyewe ni kazi ya mama. Aliweka nadhiri kwa Bwana wa Bonfim, Yesu wa kanisa la huku kwetu: Jandira akipona, atampelekea mguu wa nta, shukrani ya waliopona. Miaka mitatu iliyopita nikapata wiki mbili bila maumivu. Mama hakungoja ya tatu. Ijumaa, mtaa mzima umevaa nyeupe kwa heshima ya Bwana, tukaenda kuutundika. Nilicheza samba kwenye ngazi za kanisa! Jumatatu nyonga ikarudi.

Tangu hapo mimi ni muujiza wa mtaa. Na muujiza hautembei na fimbo. Yangu ni ya kukunja, inakaa kwenye mkoba mpaka nipite kona.

Jumanne, 7 Machi

Inachoma. Maji. Dawa. Basi.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeweza kuketi! Mama kanipikia supu ya kwato, eti inatia miguu nguvu. Kama ni kwato, ningekuwa farasi sasa hivi.

Habari kubwa: ukurasa wa waandishi wenye ulemavu, unaosomwa nchi nzima, unataka maandishi yangu. Sharti moja — jina halisi na picha. Nimemwambia mama akiwa anashona sare za shule. Cherehani ikanyamaza.

"Na mguu wa nta? Utausema?"

Nikamwambia ndiyo, bila huo hadithi haisimami.

"We mtoto, unataka kuniumbua? Nimeliambia kanisa zima umepona!"

"Uliliambia wewe, mama. Mimi sikuulizwa."

"Yanayouma nyumbani yaume humu humu nyumbani!" Akaikanyaga cherehani kama ana ugomvi nayo.

Nimekasirika. Nampenda, na nimekasirika.

Jumamosi, 11 Machi

Nimebonyeza.

Jandira Conceição. Picha yangu, fimbo mkononi. Nimeandika yote — mguu, samba, mkoba, kona, hata kidole gumba kimoja ninachoandikia. Nimeandika pia kwamba mama hakudanganya, alichoka kungoja. Nimezima simu, nimeiwasha tena. Ni hofu au furaha? Vyote!

Jumapili, 12 Machi

Siku gani hii!

Bi Valdelice, msusi wa nyumba ya pili, kaingia bila hodi, simu mkononi. Akaanza kusoma kwa sauti, mama kasimama tu na pini mdomoni. Alipofika kwenye mguu wa nta, Bi Valdelice alicheka hadi akashika ukuta.

"Edileuza! Wewe fundi mzima, unalipia nguo kabla hujaipima?"

Mama hakucheka. Nikasema moyoni: leo nimekwisha.

Kisha Bi Valdelice akavuta kiti. Akasema bega lake la kulia halipandi tangu Krismasi. Anasuka huku ameuma meno ili wateja wasijue. "Mficha maradhi, shoga yangu..." Mama akatoa pini mdomoni, akaenda kuleta mafuta ya kuchua. Alimchua muda mrefu.

Jioni nikatoka na fimbo. Kuanzia mlangoni! Tok, tok, tok, katikati ya mtaa. Mwenye duka la mikate akapiga kelele: "Jamani, muujiza umeota mguu wa tatu!" Nikamjibu ndiyo, na huu ndio usiouma. Watu wakaangua kicheko, mimi nao. Sijawahi kununua mkate kwa raha namna hii.

Mama bado haniongeleshi.

Ijumaa, 17 Machi

Naandika haraka, niko kwenye benchi, kanisani Bonfim.

Asubuhi nimemkuta mama kavaa nyeupe, mfuko begani. "Chukua fimbo yako, twende." Ukiondoa "njoo ule", ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Jumapili.

Tuko chumba cha miujiza. Dari nzima imejaa miguu, mikono, vichwa, matiti — yote ya nta, yote ya watu waliopona. Mama anamwambia mlinzi: nimekuja kuchukua mguu wangu, niliuleta mapema. Mlinzi anasema, mama yangu, kilichotolewa hakirudi. Mama anasema Bwana si mtu wa kupokea shukrani ya kazi ambayo hajaifanya. Mlinzi anauliza atautambuaje, mbona yote inafanana? Mama anaonyesha mmoja. Kisha mwingine. Foleni nyuma yetu inarefuka, watu wanacheka, wengine wameanza kumtetea!

Ameniachia mfuko. Nimechungulia. Ndani kuna mkono wa nta, mpya, na kidole gumba kimefungwa utepe.

Kumbe kayasoma maandishi yangu hadi mwisho. Kayasoma mama yangu!

Mlinzi amechoka: "Sasa mama, niambie moja. Binti alipona au hakupona?"

Mama amegeuka, ananitafuta kwa macho.

"Jandira! Weka simu. Njoo umweleze mwenyewe — na hawa wote wasikie!"

Wananipisha. Naenda —