Kongoni wa Hitma Yako

Seif, mtani wangu,

Umenikimbia, Mluguru wewe, na ubishi wetu hatujaumaliza. Leo nasema mimi, na huna pa kunikatiza.

Kile kidude cha kupima umbali ulichokuwa ukikicheka, nimekinunua. Unachungulia, unabonyeza, kinakuandikia mita. "Sisi tunawinda, nyie Wanyamwezi mnapima viwanja!" Haya, cheka. Ila kwenye mabonde ulikuwa ukikosea, bwana. Mnyama wa ng'ambo ulimwona yuko karibu, risasi ikaishia kuchimba vumbi miguuni mwake, nawe ukasingizia upepo. Nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma. Natamani nikucheke tena, hata mara moja tu.

Sasa sikia. Hitma yako ilipokaribia, nilimwambia mkeo kitoweo aniachie mimi. Nikakata kibali, tukaenda na mwanao Shabani upande wa Kisaki. Tukamwona kongoni ng'ambo ya korongo. Enzi zetu tungetambaa kwenye nyasi mpaka tumkaribie. Mimi nikapima, nikarekebisha darubini ya bunduki, nikapiga. Akaanguka palepale. Nikaruka kwa furaha!

Shabani akachomoa kisu, akatimua mbio. Ndipo nikashtukia kosa langu. Kushuka korongo lile na kulipanda si mchezo, na kongoni hakutusubiri. Shabani alimkuta ameshakufa, hajachinjwa. Yaani nyama ya hitma yako, kibudu! Miaka yote ile ukinivuta shati, "Sogea, tusogee kidogo," nilidhani huna shabaha. Kumbe ulikuwa unafikiria kisu.

Nyama tuligawana Wakristo wa mtaani. Yangu niliionja tu, nikaisukuma sahani. Hitma ikaliwa kwa maharage ya nazi. Nilikwenda kumwomba radhi mkeo, kichwa nimeinamisha. Akanitazama, kisha akaangua kicheko: "Mtani wako kakataa nyama yako hata akiwa kaburini!" Seif, alikuwa hajacheka tangu tukuzike kule kwenu milimani. Tukacheka wote, halafu tukalia.

Basi pumzika, ndugu yangu. Kidude sikitupi, usinune, kinanisaidia kweli kulenga. Lakini nakuahidi, sitampiga tena mnyama ambaye Shabani hawezi kumfikia angali hai. Nitapima kwanza, kisha nitasogea.

Mtani wako,
Kulwa